Kansa ya taya kwa mtoto, eti ni sababu bibi alimtafunia chakula?

MamaWawili_Mbagala
Habari za usiku wakuu, naomba mnielimishe maana kichwa kimejaa. Mtoto wa dada yangu ana miaka 6, wanaishi vijijini huko mkoa wa Mara. Shavu lilianza kuvimba wakajua jino, akang'olewa gego, wiki iliyofuata meno mengine nayo yanacheza na shavu utadhani kaficha embe mdomoni. Wameletwa Muhimbili, wakakata kinyama kupima, jibu limetoka ni Burkitt, kansa ya matezi. Sasa nyumbani ni vita. Shemeji anamsema mama yetu kwamba yeye ndo alikuwa anamtafunia ugali na sato akiwa na miezi saba, kasoma mahali kwamba kansa hiyo inaletwa na kirusi cha kwenye mate. Bibi wa watu halii wala haongei, anakaa tu jikoni. Na mimi nina kichanga cha miezi mitatu hapa. Ni kweli jamani?

Mzee_wa_Tandale
Machanjo hayo mnayowachoma watoto. Enzi za babu zetu haya magonjwa mliyasikia wapi?

Fundi_Maabara
Mzee wangu, enzi za babu zetu yalikuwepo sana tu. Daktari Denis Burkitt alianza kuwaona watoto wa hivi Kampala 1957, akaandika 1958, halafu 1961 yeye na wenzie wawili wakapanda gari kutoka Uganda mpaka Afrika Kusini na kurudi, kama kilomita 16,000, kila hospitali wanauliza mmewahi kuona taya la namna hii? Wakakuta uvimbe uko kwenye joto na mvua, huko milimani kwenye baridi haupo. Chanjo haihusiki.

Dada pole sana. Shemeji kasoma nusu. Kirusi kipo kweli, kinaitwa Epstein-Barr, kiligunduliwa 1964 kwenye uvimbe wa watoto hawahawa na kinapita kwenye mate. Ila zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani tunacho, wewe, mimi na shemeji mwenyewe, na watoto wa kwetu wengi wanakuwa nacho kabla ya miaka mitatu. Asingetafuniwa angekipata kwenye kikombe cha kaka yake.

Shida ni pale kinapokutana na malaria ya mara kwa mara utotoni. Kirusi kinajificha maisha yote ndani ya seli B, zile zinazotengeneza kinga, na kuna seli nyingine zinaitwa T ambazo kazi yake ni kukidhibiti kisisumbue. Malaria ikirudi na kurudi inafanya mawili kwa mpigo, inazichosha hizo T na inazisukuma seli B zizaliane kwa fujo, na kwenye kuzaliana kwa haraka vile kipande cha kromosomu ya 8 (kromosomu ni zile nyuzi za urithi ndani ya seli) kinaweza kukatika kikaunganishwa pasipo pake, mara nyingi kwenye ile ya 14. Hapo jeni inayoitwa MYC, ambayo ndo inaiambia seli zaliana, inawashwa haizimiki tena. Kenya walilinganisha vichanga vya Kisumu kwenye malaria nyingi na vya Nandi kwenye baridi, vya Kisumu vinapata kirusi mapema zaidi. Na malaria ya mama mjamzito nayo inaweza kupunguza kinga anayompitishia mtoto tumboni, na malaria hiyo ndo kliniki wanaizuia wanapowang'ang'ania wajawazito na vidonge vya SP.

Huko huko Mara 1977 mpaka 1982 watoto waligawiwa klorokwini kuzuia malaria, kesi za Burkitt zikashuka, japo zilikuwa zimeshaanza kushuka kabla, kwa hiyo ubishi haukuisha.

Wakiomba kumpima VVU msikasirike, kinga ikiwa chini hatari ya kansa za matezi inapanda.

BabaZ_GongoLaMboto
Mimi wangu alikuwa nayo, ya tumboni. Nikwambie kitu kimoja, dripu ya kwanza ya kemo uvimbe ulinywea ndani ya siku chache, mke wangu akaanza kufunga mizigo turudi Kilosa, nesi akatukalia kooni. Ikinywea sio imepona!! Halafu wanamjaza maji na kupima mkojo kwenye chupa kila saa, usishangae, uvimbe ukivunjika haraka taka zake zinaelemea figo. Sasa yuko darasa la tano, anagoma kwenda tuisheni.

MamaWawili_Mbagala
Nimemsomea bibi yote hayo, kaniuliza tu, "kwa hiyo mbu?" Nikanyamaza, maana chandarua cha kliniki dada alifunikia mchicha kuku wasile.

Fundi_Maabara
Hilo nalo msimbebeshe dada. Mamilioni ya watoto wanaumwa malaria na wanaopata hii ni wachache mno. Cha kichanga chako kichomekee vizuri chini ya godoro.

MamaWawili_Mbagala
Nimekuelewa kaka. Kesho ni dripu ya pili, bibi kasema uji anaupika yeye.