Mradi wa studio Tandale: mkazi aliuliza nyumba yake iko wapi kwenye mchoro wetu, nasi hatukuwa na jibu

Mwanastudio (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa nne wa ubunifu majengo hapa Dar es Salaam. Muhula huu kundi letu la watu sita limepewa kazi ya kuandaa mpango wa kuhuisha sehemu ya mtaa mmoja wa Tandale, eneo lenye nyumba 38, upande unaoteremkia Mto Ng'ombe. Tumebakiwa na wiki nane.

Tulianza kama tulivyozoea. Tulichukua picha ya anga, tukapima mipaka ya eneo, tukachora majengo matatu ya ghorofa nne yanayozunguka uwanja wa watoto, yakiwa na maduka chini na bustani ya kupokea maji ya mvua. Watahini wa hatua ya kwanza waliupenda mpango huo. Jumamosi iliyofuata tuliipeleka michoro, pamoja na modeli ya karatasi ngumu, kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, wakaja wakazi wapatao ishirini. Mama mmoja anayeuza maandazi asubuhi aliizunguka modeli mara mbili, akainama, kisha akatuuliza kwa upole: "Wanangu, nyumba yangu iko wapi hapa?" Mwenzetu akamwonyesha ghorofa ya pili. Mama akasema hapana, yeye anaulizia nyumba yake, yenye vyumba vinne anavyopangisha, ambavyo ndivyo vinavyomlipia ada mtoto aliye kidato cha tatu. Baadaye mzee mmoja akauliza tutaanza kujenga lini. Tuliporudi chuoni hakuna aliyekuwa na hamu ya kuendelea na mchoro ule.

Naomba ushauri wa waliotangulia katika mambo mawili. Kwanza, tuanze upya kutokea wapi? Pili, sisi wanafunzi hatuna fedha za ujenzi wala mamlaka ya kuamua lolote. Je, kazi yetu inaweza kumwachia mkazi kitu gani cha kweli, zaidi ya picha nzuri na matumaini yasiyo na msingi?

Mkato na Ramani

Mdogo wangu, hongera kwa kwenda na michoro mtaani kabla ya hatua ya mwisho, kwa maana wengi huenda baada ya alama kutoka, au hawaendi kabisa. Nimefanya kazi ya ubunifu majengo kwa miaka mingi, na swali la mama huyo naliona kuwa ndilo tathmini ya haki kuliko zote mlizopata.

Kosa la mchoro wenu wa kwanza ni kwamba ulisoma eneo kama kiwanja kitupu chenye vizuizi 38. Rudini mkaichore nyumba ya Kiswahili kama ilivyo: baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu kila upande, na ua nyuma wenye jiko, choo na bafu. Nyumba hiyo ni makazi, ni chanzo cha kipato, na ni akiba inayoongezwa chumba baada ya chumba kadiri fedha inavyopatikana. Mama anapika maandazi barazani, mpangaji wa chumba cha mbele ana cherehani, na uani wapangaji wanne wanagawana bomba moja. Ukimpandisha ghorofa ya pili umempa kuta safi, lakini umemnyang'anya baraza, ua na wapangaji kwa pamoja.

Msichanganye pia hali hii na ya Magomeni Kota. Pale ardhi ilikuwa ya Serikali, na hata hivyo kaya 644 zilizoondolewa zilisubiri takriban miaka kumi kabla ya kurejea kwenye majengo mapya mwaka 2022. Kwenu Tandale kila nyumba ina mwenyewe: mmoja ana leseni ya makazi, yaani hati ya muda ya umiliki, mwingine ana karatasi ya mauziano iliyoshuhudiwa na serikali ya mtaa tu, mwingine ni mrithi ambaye hajamalizana na ndugu zake. Mpango unaotaka wote wakubali kwa siku moja hautekelezeki, hata ukichorwa vizuri namna gani.

Mfano ninaowashauri muusome ni Hanna Nassif, hapo hapo Kinondoni. Katika miaka ya 1990 wakazi, kwa msaada wa mashirika ya kimataifa na wataalamu wa hapa nchini, walijenga mitaro ya maji ya mvua na kuimarisha barabara za ndani, na sehemu kubwa ya vibarua walikuwa wakazi wenyewe, kupitia mikataba iliyosimamiwa na jamii. Nyumba nyingi zilibaki zilipo. Kilichobadilika ni njia ya maji, na njia ya maji ilipobadilika, watu walipata sababu ya kuboresha kuta na mapaa yao kwa fedha zao.

Kwa hiyo anzeni na uchochoro. Chukueni mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ule ambao mafundi hujaza maji na kusawazishia msingi, mpime kimo cha kila kizingiti kutoka barabarani hadi mtoni. Mtagundua jambo ambalo picha ya anga haionyeshi: kila baada ya mafuriko mwenye uwezo hushusha kifusi, huinua sakafu yake na kuongeza tofali mbili mlangoni, na maji aliyoyakataa huhamia kwa jirani asiye na uwezo. Mkilichora hilo kwa mkato mmoja mrefu, yaani mchoro unaoonyesha ardhi na nyumba kwa ubavu kana kwamba zimepasuliwa, kwa vipimo sahihi, mtakuwa mmetengeneza mchoro ambao mtaa haujawahi kuwa nao.

Mjumbe Mstaafu

Wanangu, mimi si msomi wa mambo haya, ila nilikuwa mjumbe wa shina kwa miaka kumi na moja katika kata jirani, nikawapokea wanafunzi wengi wenye madaftari na kamera. Naomba niseme machache.

Njooni jioni baada ya saa kumi na mbili, kwa sababu mchana mnawakuta wenye nyumba wazee na watoto, ilhali wapangaji wako kazini. Wapangaji ndio wengi. Ukiandika maoni ya wenye nyumba peke yao utapata mpango unaopandisha kodi, na wale wengi watahama kimya kimya bila jina lao kuonekana popote.

Njooni pia siku ya mvua kubwa, mvae mabuti. Mtaona wenyewe watu wakitapisha vyoo, kwa sababu gari la kunyonya majitaka haliwezi kuingia uchochoroni na maji ya mvua ndiyo usafiri wa bure. Anayetapisha anajua anamchafua jirani wa chini, na jirani wa chini anajua ni nani, lakini wanasalimiana asubuhi kwa kuwa hakuna kati yao mwenye njia nyingine. Mpango usiojibu suala la choo, hata ukiwa na bustani, kwetu sisi haujaanza.

La mwisho, semeni ukweli mapema. Mzee akiuliza mtajenga lini, mwambieni: sisi ni wanafunzi, hatujengi, tunajifunza, na tutakachowaachia ni hiki na hiki. Watu wazima huelewa. Kinachoumiza ni kuandikwa jina na namba ya simu, kisha miaka miwili isipigwe hata mara moja.

Mpangamiji wa Nairobi

Asante Mzee kwa maneno hayo, nimeyanakili kwa ajili ya wanafunzi ninaowasimamia.

Naongeza yaliyotokea kwetu. Mwaka 2017 Kaunti ya Jiji la Nairobi ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalumu la upangaji, makazi yenye kaya zaidi ya 100,000. Vyuo vikuu, mashirika na vikundi vya wakazi, wakiwemo Muungano wa Wanavijiji, waligawana kazi kwa sekta: maji, afya, nyumba, sheria ya ardhi na nyinginezo. Somo kubwa kwangu lilikuwa upana wa barabara. Viwango vya kawaida, vikitekelezwa kama vilivyoandikwa, vingebomoa nyumba nyingi mno, hivyo ikabidi kuuliza upya barabara ile ni ya nani: ya lori, ya gari la zimamoto, au ya mtu mwenye mkokoteni wa maji? Nendeni na swali hilo hilo kwenye uchochoro wenu. Pimeni ni sehemu ipi guta, kile chombo cha mizigo cha magurudumu matatu, linapita na ipi halipiti, kwani mita moja ikipatikana mahali sahihi inaweza kutosha, na pengine itagharimu ukuta wa bafu moja badala ya nyumba tisa.

Kuhusu swali la wanafunzi wanaweza kuacha nini, Kounkuey Design Initiative, shirika lililojenga maeneo ya umma kandokando ya mto huko Kibera, lilianzishwa mwaka 2006 na wanafunzi wa Harvard. Kila eneo limeunganisha mahitaji kadhaa, kama vyoo, maji, mahali pa kufulia, daraja la miguu au biashara ndogo, na vikundi vya wakazi ndivyo vinavyoliendesha. Walichofanya tofauti na wengi ni kubaki. Ninyi hamlazimiki kuanzisha shirika, lakini mnaweza kuchagua kazi moja ndogo ambayo wenzenu wa mwaka unaofuata wataipokea kutoka pale mlipoishia, badala ya kila darasa kuanza na mtaa mpya.

Na hapo Tandale hamuanzi na karatasi tupu. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walishirikiana na wakazi kuichora kata hiyo kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuichangia, na kuanzia mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliendeleza kazi ya namna hiyo katika kata nyingi zinazokumbwa na mafuriko. Ramani hizo ni za wazi kwa kila mtu. Ongezeni vimo vyenu vya vizingiti juu yake, visiishie kwenye kompyuta ya mmoja wenu.

Mwanastudio

Nawashukuru sana, na samahani kwa kukaa kimya wiki mbili. Tulifuata ushauri wa mpira wa maji. Tulipima vizingiti vyote 38 kwa siku tatu, vijana wawili wa mtaa wakitushikia ncha ya chini. Kizingiti cha mama wa maandazi kiko sentimita 34 chini ya uchochoro, ilhali cha jirani yake wa juu kiko sentimita 41 juu ya uchochoro. Tulipoubandika mkato huo ukutani kwenye ofisi ya mtaa, hakuna aliyeuliza tutajenga lini. Walianza kusahihisha. Fundi mmoja alichukua kalamu akachora mtaro wa zamani uliofukiwa chini ya ngazi za duka la kona, ambao sisi hatukuuona, na mwenye duka, aliyekuwepo, alikubali kuwa upo.

Sasa tuna mpango wa hatua tatu: kufukua mtaro huo, kupata njia ya guta lenye pipa la majitaka hadi nyuma ya nyumba 22, na kuunganisha vyoo vya nyua zinazopakana. Tatizo letu jipya ni watahini. Msimamizi anasema hakuna jengo katika kazi yetu, na kwamba tutapoteza alama za muundo na ujenzi.

Mkato na Ramani

Msimamizi wako ana haki ya kudai jengo, na jengo mnalo. Choo kinachounganisha nyua mbili kina msingi kwenye udongo wenye maji karibu, kina ukuta unaobebwa na mipaka ya watu wawili, kina paa, mwanga, faragha ya mwanamke anayekwenda usiku, na mlango ambao lazima ufunguliwe na fundi wa kunyonya bila kupita sebuleni kwa mtu. Kichoreni kwa kipimo cha moja kwa ishirini, kila tofali, kila bomba, pamoja na gharama ya saruji na nondo kwa bei za dukani pale pale Tandale. Nimeona majengo ya ghorofa kumi yaliyofikiriwa kwa uangalifu mdogo kuliko huo.

Chapisheni nakala mbili, moja ya watahini na nyingine ya ofisi ya mtaa, na ile ya mtaa iwe na marekebisho ya yule fundi kama alivyoyachora kwa kalamu yake.

Mjumbe Mstaafu

Na mama wa maandazi mpelekeeni nakala yake nyumbani. Mwonyesheni kwa kidole mlango wake uko wapi.