Je, Uturuki ilikosea kuivunja manowari Yavuz?

Mtoa mada: Mimi nasema ilikosea sana. Meli ile ilijengwa Hamburg, Ujerumani, kwa jina la Goeben, ikaanza kazi 1912 katika jeshi la majini la Ujerumani. Agosti 1914 iliwaponyoka Waingereza katika Mediterania, ikaingia mlango-bahari wa Dardanelles, na siku chache baadaye ikapandishwa bendera ya Waosmani, watawala wa Uturuki ya wakati ule, ikaitwa Yavuz. Tarehe 29 Oktoba ikaipiga Sevastopol, bandari ya Urusi, kwa mizinga, na dola nzima ya Waosmani ikajikuta katika Vita Kuu ya Kwanza. Meli yenye historia hiyo ilikatwakatwa kati ya 1973 na 1976 kama chuma chakavu!

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, nani angelipa? Tani zaidi ya 22,000 haziachwi majini hivi hivi. Januari 1918 iligonga mabomu matatu ya baharini karibu na kisiwa cha Imbros, kisha ikakaa miaka Izmit bila matengenezo ya maana. Ili itengenezwe ilibidi kwanza kununua chelezo kinachoelea (gati la kuinulia meli juu ya maji) kutoka Ujerumani, nacho kikaharibika walipojaribu kuipandisha. Kazi walipewa Wafaransa, ikazuka kesi ya rushwa, waziri wa jeshi la majini akafungwa na wizara yenyewe ikavunjwa. Ilirudi baharini 1930. Mwaka 1963 Ujerumani Magharibi ilipewa nafasi ya kuinunua, ikakataa. Kwa kumbukumbu, mzinga mmoja ungetosha, kama ule wa manowari ya Kijerumani Königsberg uliopo Fort Jesus, Mombasa.

Mtoa mada: Mzinga hauonyeshi vyumba vya injini, wala mahali walipolala mabaharia. Na chelezo si lazima: Wajapani waliizungushia zege Mikasa, manowari yao ya zamani, pale Yokosuka, imetulia hadi leo. Isitoshe, Yavuz ndiyo iliyobeba jeneza la Atatürk, mwasisi wa Jamhuri ya Uturuki, kutoka Istanbul hadi Izmit, Novemba 1938. Kwa hilo peke yake ningeiacha.

Mchangiaji wa pili: Naongezea kuhusu Mikasa. Baada ya Vita Kuu ya Pili ilivuliwa karibu kila kitu, ikawa gofu. Michango ndiyo iliyoiokoa, ikafunguliwa upya 1961, miaka miwili tu kabla Waturuki hawajaitafutia Yavuz mnunuzi. Hapo hoja ya gharama inanishinda kuikubali. Watu wa Uturuki ni wale wale waliochangia manowari mbili zilizokuwa zikijengwa Uingereza, ambazo Waingereza walizichukua Agosti 1914. Yavuz ilipokelewa kwa shangwe kwa sababu iliziba pengo hilo. Wangeombwa tena, wangetoa.