Kodi ya miezi sita Dar ipigwe marufuku au la?

Mpangaji wa Sinza: Wakuu, habari za jioni. Chumba na sebule Sinza nimeambiwa laki mbili kwa mwezi, ila natakiwa kulipa miezi sita kwa mkupuo. Hapo ni milioni moja na laki mbili. Dalali naye anataka mwezi mmoja wake, na hela ya kupelekwa kuona nyumba nilishaitoa pale getini kabla hata ya kufunguliwa mlango. Mshahara wangu unaingia mwezi kwa mwezi, hauji kwa nusu mwaka. Serikali ipige marufuku huu unyonyaji.

Baba Mwenye Geti: Kwa hiyo mimi ni mnyonyaji? Nondo, saruji, tofali, vyote nimenunua kwa jasho langu, hakuna aliyenisubiri mwisho wa mwezi. Mpangaji wangu wa mwisho alihama usiku, kabeba mpaka koki ya bafuni. Hiyo miezi sita ndiyo kinga yangu. Asiyeiweza aende Chanika, vyumba vimejaa huko.

Kobe wa Chanika: Chanika imekukosea nini mzee wangu?

Mtoto wa Kijitonyama: Chanika si Dar, tusidanganyane. Unatoka Posta jioni unafika kesho.

Kobe wa Chanika: Dogo, tangu 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ni ile iliyokuwa manispaa ya Ilala. Chanika ni Ilala. Sinza iko manispaa ya Ubungo, wewe na Kijitonyama yako mko manispaa ya Kinondoni. Sasa nani yuko jijini hapa?

Mtoto wa Kijitonyama: Jiji la mikorosho 😂

Kobe wa Chanika: Mikorosho yangu ina hati. Wewe una nini zaidi ya mkataba wa kuandikiwa na dalali?

Mama Wawili: Jamani, mada ni kodi! Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba tulikuwa nayo, ya 1984. Ikafutwa 2005, tukaachiwa soko. Mpangaji na mwenye nyumba wakigombana leo wanaishia kwa mwenyekiti wa mtaa, naye mara nyingi ana vyumba vyake vya kupangisha.

Baba Mwenye Geti: Irudisheni basi, halafu mje mtutaifishie nyumba kama 1967.

Mzee wa Gerezani: 1967 ni Azimio la Arusha na mabenki. Majumba yalichukuliwa 1971, yale ya thamani ya kuanzia shilingi laki moja za wakati ule, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Kibanda chako cha uani kisingehesabiwa hata kidogo.

Baba Mwenye Geti: Kibanda? Vyumba vyangu vina vigae chini, jipsamu juu, choo ndani! Wewe unakaa kwenye nyumba iliyokuwa ya Msajili halafu unaniita mimi wa kibanda?

Mzee wa Gerezani: Nimekaa kihalali, na kodi nalipa kila mwezi. Kila mwezi, umesikia?

Mkenya Mpole: Hapa Nairobi tunalipa kila mwezi na depoziti juu yake, na maisha yanaendelea. Mbona nyinyi mnateseka hivyo?

Mtoto wa Kijitonyama: Nyie mnakatwa asilimia moja na nusu ya mshahara kwa ajili ya nyumba ambazo wengi wenu hamtazilala. Pole yako kwanza.

Mkenya Mpole: Hiyo usinikumbushe.

Mpangaji wa Sinza: Mzee wa geti hajajibu. Kodi ya jengo, 1,500 kila mwezi, inakatwa kwenye umeme wa LUKU ninaoununua mimi mpangaji. Jengo ni lako. Unawarudishia wapangaji wako?

Mama Wawili: Hapo umenigusa! Sisi tuko wapangaji saba, mita moja. Ukifika mwezi mpya kila mtu anamsubiri mwenzake anunue umeme kwanza ili akatwe yeye. Mwezi huu tumelala giza siku mbili, friji ya jirani imeyeyuka, samaki wote wa biashara wameoza. Mwenye nyumba anakaa Mbezi, hata habari hana.

Baba Mwenye Geti: 1,500 inawashinda halafu mnataka kukaa Sinza?

Mpangaji wa Sinza: Kama ni ndogo, irudishe.

Baba Mwenye Geti: Nimrudishie nani? Tangu yule wa koki ahame, vile vyumba viko vitupu.

Kobe wa Chanika: Miezi mingapi sasa?

Baba Mwenye Geti: Mitano.

Kobe wa Chanika: Shusha basi, chukua miezi mitatu mitatu.

Baba Mwenye Geti: Sishushi.