Watunzi wa chemshabongo, neno PAA mmelichosha!

Wakuu, hili limezidi. Kwa kuwa PAA ni herufi tatu tu na huingia kila kona ya jedwali, watunzi wameligeuza kiraka. Halafu vidokezo: "Juu". "Nyumba". "Samaki". Hapo mtu anafumbua au anabahatisha?

Paa ni sehemu ya juu ya nyumba, ni mnyama mdogo wa jamii ya swala, ni kwenda juu angani, ni kukwangua magamba ya samaki, na ni kuchota makaa ya moto jikoni. Neno lenye utajiri huo unalidokeza kwa "Juu"? Kidokezo kifuate umbo la jibu. "Ondoa magamba" ni PAA. "Kuondoa magamba" ni KUPAA, visanduku vitano, si vitatu! Wingi nao unawashinda: mapaa ni ya nyumba, lakini wanyama hubaki paa hata wakiwa kumi. Na acheni kuandika "Dari" kama kidokezo chake. Dari iko ndani, chini ya paa.

Kinachoudhi zaidi ni makutano. Mtunzi anakatiza maneno ya wima kwenye A zote mbili, P anaiacha wazi. Msomaji anabaki na -AA, na hapo huingia kaa, taa, saa, jaa, faa, vaa, zaa. Kidokezo kikiwa "Hupatikana nyumbani", TAA ni sahihi, SAA ni sahihi, PAA ni sahihi. Hakuna njia ya kujua mpaka majibu yachapishwe. P ndiyo ya kukatizwa kwanza. Hizo A zinaweza kusubiri.

Kurudia PAA mara tatu kwenye jedwali moja kwa kisingizio cha "maana tofauti" ni uvivu, labda kama juu ya fumbo mmetangaza kwamba mnalicheza neno hilo moja. Na hata hapo, ligeuzeni liwe kidokezo badala ya jibu: Paa (5), SWALA. Paa (4), RUKA. Paa (7), KWANGUA. Neno ni lile lile, majibu matatu tofauti, na idadi ya herufi inamwongoza msomaji achague maana.

Mtunzi anayebisha aweke jedwali lake hapa, mlalo na wima pamoja na majibu, tulikague kisanduku kwa kisanduku.