Mzee Mitomingi alichoma karatasi kwa hasira tu? Naombeni msaada

BintiUjiji: Wakuu, habari za jioni. Mchana nauza dagaa Kibirizi hapa Kigoma, jioni nasoma tuisheni. Mwaka huu nafanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Tumepewa swali la Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, tamthiliya ya Semzaba: kwa nini Mzee Mitomingi alichoma karatasi za sensa? Nimejaza kurasa mbili kwamba alikasirika kwa vile Ngoswe, yule karani wa sensa, katoroka na binti yake, Mazoea. Nimepata 5 kati ya 15! Pembeni mwalimu kaandika "umesimulia, hujajadili". Nijadili nini tena? Hasira si hasira jamani?

MlaMigebuka: Ya Ngoswe mwachie Ngoswe 😂

ChakiKuukuu: Achana naye huyo. Nimefundisha fasihi Kasulu miaka mingi, na kosa lako nimelisahihisha mpaka wino ukaisha. Dada, hapo Kibirizi mtu akikuta nyavu zake zimekatwakatwa, watu wataishia kusema "fulani kakasirika"? Watauliza mbona nyavu, mtumbwi kauacha? Mzee naye muulize hivyo hivyo. Mbona karatasi?

BintiUjiji: Kwa sababu ndizo zilizomleta Ngoswe kijijini?

ChakiKuukuu: Enhee. Endelea.

BintiUjiji: Alipokelewa kwa heshima kwa kuwa katumwa na serikali. Sasa binti hayupo, na mgeni mwenyewe hashikiki. Kilichobaki mikononi mwa mzee ni ile kazi iliyompa Ngoswe heshima, basi akaitia moto.

ChakiKuukuu: Hapo umejadili. Sasa tafuta kitabuni mzee anasema nini kabla na baada ya kuchoma, unukuu.

Nondo_Tupu: Mwalimu, unampoteza dada wa watu. Nondo zangu zinasema "hasira na ukosefu wa elimu", basi. Akariri hayo.

ChakiKuukuu: Ukosefu wa elimu ni hoja ukinionyesha mahali mzee anaposema au kutenda jambo la mtu asiyejua sensa ni nini. Bila hivyo unamtukana mzee wa watu tu. Na ukishamlaumu yeye, utaeleza vipi kwamba jina la tamthiliya lenyewe linataja penzi kuwa kitovu cha uzembe?

BintiUjiji: Asante mwalimu, narudia kuandika usiku huu umeme usipokatika. Ila Mazoea je? Naye alikubali kuondoka, na hakuna aliyetuuliza kwa nini.

ChakiKuukuu: Msome tangu anapoingia jukwaani mara ya kwanza. Usimhukumu kwanza.