Kosa moja, bei mbili: majaji wa kuteleza kwenye barafu wanatuumiza

Wakuu habari za jioni. Najua kuna watakaoshangaa mtu wa Arusha ana shida gani na mchezo wa kuteleza kwenye barafu wakati barafu tunayoijua sisi ni ile ya Kibo siku mawingu yakifunguka, tena kwa mbali, ila mimi huu mchezo naupenda toka niko sekondari, mashindano ya vijana wanayaweka YouTube bure kwahiyo ni bando lako tu, na leo naandika nikiwa na uchungu kweli. Naomba tujadili hili: kosa likiwa lilelile, kwanini huyu alipie bei kubwa na yule asamehewe?

Kwa wasioujua huu mchezo nieleze kidogo. Pale mezani kuna makundi mawili. Kuna jopo la ufundi, watu watatu, hao ndio wanaosema mchezaji karuka mruko gani na kama kamaliza mizunguko yake. Halafu kuna majaji tisa wanaotoa daraja la ubora, kuanzia kutoa 5 mpaka kuongeza 5, daraja la juu kabisa na la chini kabisa yanatupwa, saba zinazobaki zinatafutiwa wastani. Mpaka hapo ni mfumo mzuri, mimi siupingi. Shida inaanzia kwa wale watatu.

Chukua mruko unaitwa lutzi, wa mizunguko mitatu. Thamani yake kabla ya daraja ni 5.90. Ili iwe lutzi ya kweli mtu anatakiwa aruke akiwa amelalia makali ya nje ya chuma cha kiatu, akirudi kinyumenyume. Akilalia makali ya ndani hiyo sio lutzi ya kweli tena, inafanana na mruko mwingine unaoitwa flipu, na thamani inakatwa mpaka asilimia 80. Na akitua kabla hajamaliza mzunguko ndio kuna mambo: akipungukiwa robo kamili thamani inabaki 5.90 ila majaji wanapaswa washushe daraja, akipungukiwa zaidi ya robo thamani inakatwa mpaka asilimia 80, yaani 4.72, akipungukiwa nusu ndio kabisa, anahesabiwa karuka mizunguko miwili.

Sasa piga hesabu, kila daraja moja ni asilimia 10 ya thamani ya mruko. Lutzi safi ikipata wastani wa kuongeza 3 inakuwa 7.67. Hiyohiyo ikiandikwa kwamba imepungua zaidi ya robo, na daraja likashuka kwenye kutoa 2, inabaki 3.78. Karibu pointi 4 zimeondoka kwenye mruko mmoja uliochukua chini ya sekunde moja hewani! Olimpiki ya PyeongChang 2018 Alina Zagitova alichukua dhahabu kwa 239.57, Evgenia Medvedeva akabaki na fedha kwa 238.26. Tofauti 1.31. Sisemi pale kulikuwa na makosa, nasema tu uone jinsi alama moja ndogo kwenye karatasi inavyoweza kubadilisha maisha ya mtoto wa watu.

Kilichonileta hapa ni shindano nililoangalia wiki iliyopita. Wachezaji sitawataja, sio kosa lao. Mmoja ni jina kubwa, mwingine binti wa nchi ambayo haina hata viwanja vya maana. Nilikuwa dukani kwangu Kijenge, nina kastationari kadogo, nimeshafunga mlango wa mbele, nikaweka video spidi ya robo nikaanza kusogeza picha moja moja. Ncha ya kiatu inagusa barafu, kisigino bado kiko hewani, hapo nasimamisha. Nikachukua protrakta kwenye mkebe wa hesabu wa mwanangu nikaiweka juu ya kioo cha kompyuta. Jina kubwa: chuma kimegusa barafu kikiwa hakijafika hata kukatisha njia anayotokea, yaani zaidi ya robo ya mzunguko bado, halafu kinasaga barafu kumalizia mzunguko, hata ile vumbi nyeupe unaiona inaruka. Binti: kitu kilekile, sana sana yeye kasaga kidogo zaidi. Nikafungua karatasi ya alama. Binti kakatwa, 4.72, madaraja yote ya kutoa. Jina kubwa hana alama yoyote ya kosa pembeni ya mruko wake, na kuna jaji kampa kuongeza 4. Nne! Nilikaa pale mpaka saa nne usiku nikirudia ile video kama nimepoteza kitu.

Inaniuma hasa kwa sababu hapa hatubishani ladha. Zile alama za uwasilishaji, utungaji na ustadi wa kuteleza sigombani na mtu, wewe utapenda mikono ya huyu, mimi nitapenda miguu ya yule, hiyo ni haki ya jaji. Ila mzunguko umekamilika au haujakamilika ni kitu cha kuona na kupima. Ni kama mstari wa kumalizia mbio.

Na sisi watu wa huku tunaelewa mstari wa kumalizia vizuri kuliko wengi. Filbert Bayi wa Karatu alivyovunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch 1974 saa ndiyo iliyosema, hakuna aliyekaa mezani kuamua kama kakimbia kwa hisia. Na Septemba 2025 Alphonce Simbu ambaye mazoezi yake anafanyia hapahapa Arusha kashinda marathoni ya dunia Tokyo, yeye na Mjerumani Amanal Petros wote wameandikiwa saa 2:09:48, tofauti sekunde 0.03, kamera ya mstarini ikaamua. Hebu fikiria ule ushindi ungeamuliwa na watu watatu wakiangalia marudio kwa haraka kwenye skrini moja, na mmoja wao anajua Petros anatoka nchi yenye hela. Tungelala?

Karibuni mchangie, mnaobisha bisheni kwa hoja.

Mdau wa Pasua, Moshi:
Dada nimekusoma mpaka mwisho, hongera kwa uvumilivu. Ila mimi naona unahangaika bure. Mchezo wowote wenye majaji uko hivyo, ndondi ziko hivyo, ngoma ziko hivyo, ukitaka haki angalia riadha. Na kuteleza kule kwao ni mchezo wa wazungu na wajapani, watapeana wenyewe kwa wenyewe. Halafu hiyo protrakta yako, kamera ya TV iko upande mmoja, utapimaje pembe kwa picha iliyopigwa kiubavu?

Mwenye uzi:
Mangi asante kwa kuja. Hapo mwisho umesema kitu cha maana nami nakubali, picha ya upande mmoja inadanganya. Lakini si ndio hoja yenyewe hiyo! Kwa miaka mingi lile jopo limekuwa likiamua kwa marudio ya kamera moja, kwahiyo kama protrakta yangu inadanganywa na macho yao pia yanadanganywa. Mchezaji aliyerukia kona ya mbali anaangaliwa tofauti na aliyerukia karibu na kamera. Wenzao wa jimnastiki, mashindano ya dunia Antwerp 2023 walitumia mfumo wa Fujitsu wa kamera na kompyuta kusaidia majaji kwenye vifaa vyote. Kwahiyo tusiambiane haiwezekani, huku watu bado wanakodolea macho chuma cha milimita chache.

Kuhusu kwamba "uko hivyo", hapana kaka, haukuwahi kubaki hivyo, kila ulipobadilika ni kwa sababu watu walipiga kelele. Olimpiki ya Salt Lake City 2002, mashindano ya wawili wawili, Warusi Berezhnaya na Sikharulidze walipewa dhahabu kwa kura tano kwa nne dhidi ya Wakanada Salé na Pelletier, muda mfupi baadaye jaji wa Ufaransa ikasemekana alishinikizwa apige kura upande fulani. Ikawa kelele dunia nzima, Wakanada nao wakapewa dhahabu, yule jaji na bosi wa shirikisho lake wakafungiwa miaka mitatu, na ule mfumo wa zamani ambao alama ya juu ilikuwa 6.0 ukatupwa. Hii karatasi ya alama ninayoisoma mimi Kijenge imetokana na kelele zile.

Ila waliharibu kitu kimoja. Wakasema ili jaji asishinikizwe, majina yasionekane nani katoa alama gani. Ndio tukafika Olimpiki ya Sochi, Urusi, 2014, Mrusi Adelina Sotnikova dhahabu kwa 224.59, Mkorea Yuna Kim fedha kwa 219.11. Nitasema kweli hata kama nampenda Yuna: Sotnikova alikuwa na miruko mingi zaidi ya mizunguko mitatu, na Yuna hakukosea popote, Sotnikova aliyumba kwenye kutua mara moja. Mtu anaweza kutetea upande wowote. Lakini mmoja wa majaji alikuwa mke wa kiongozi wa juu wa shirikisho la Urusi, na kwa kuwa majina yalifichwa hakuna wa kujua yeye katoa nini. Hata kama katoa haki tupu, nani ataamini? Hata Sotnikova mwenyewe ameonewa pale, maana medali yake inasemwa mpaka leo. Majina yakaja kurudishwa 2016. Na baada ya PyeongChang majaji wawili wa China walifungiwa kwa kubeba watu wa kwao, wakajulikana kwa sababu safari hii majina yalikuwepo. Kwahiyo Mangi, kupiga kelele kunasaidia.

Mdau wa Sakina:
Shikamooni wakubwa. Mimi nasimama upande wa majaji kidogo. Nimewahi kuwekwa meza ya majaji kwenye mashindano ya kwaya za mtaa, kumbe ni kazi ngumu sana. Kwaya ya kumi inapoingia umeshachoka, unajua hii kubwa huwa inaimba vizuri, masikio yenyewe yanaanza kusikia uzuri kabla hawajafungua mdomo. Sio rushwa, ni ubinadamu. Tusiwaite wezi.

Mwenye uzi:
Marahaba mdogo wangu. Sijamwita mtu mwizi na sitamwita, na ulichosema ndicho ninachokiogopa kuliko hata rushwa. Rushwa ina mtoaji na mpokeaji, siku moja watashikwa. Hili la masikio kusikia uzuri kabla ya wimbo halina wa kumshika.

Na umenigusa na kwaya. Mimi nilikuwa sauti ya pili, tulienda mashindano fulani, kila kwaya dakika kumi kuanzia mguu wa kwanza unapokanyaga jukwaa. Tukazidisha sekunde arobaini, mzee wetu wa besi alichelewa kushuka ngazi, mguu ulikuwa unamsumbua. Tukakatwa pointi tano, sheria ni sheria, tukanyamaza. Ikaja kwaya kubwa yenye vinanda na sare za kushona, mimi nimekaa chini na saa ya baba ya Casio mkononi, nikahesabu dakika kumi na moja na sekunde zaidi ya hamsini. Hawakukatwa hata moja. Mwalimu wetu alipoenda kuuliza kwa adabu akajibiwa wale wana vyombo vingi. Tulishika nafasi ya tatu, bila ile kukatwa tungekuwa wa pili. Yule mzee wa besi hakurudi mazoezini tena, alijiona yeye ndiye katuangusha. Huyo mzee ndiye ninayemuona nikiangalia yule binti amekaa pale kwenye kochi na kocha wake anasubiri alama, anaona namba inatoka, anainamisha kichwa anajua kakosea. Ni kweli kakosea. Ila hajui kwamba aliyemtangulia kakosea vilevile.

Kwahiyo mimi ninachoomba sio majaji wawe malaika. Kamera ziongezwe angalau ziwe pembe tatu, jopo la ufundi likague kila mruko bila kujali ni wa nani, maana sasa hivi wanakagua ule waliouona na shaka, na shaka yenyewe inakuja kirahisi kwa mtu usiyemjua. Halafu picha ile waliyosimamishia waitoe hadharani pamoja na karatasi ya alama. Ukiandika kwamba binti kapungukiwa zaidi ya robo, tuonyeshe hiyo picha, na ya jina kubwa tuonyeshe.

Mdau wa Pasua, Moshi:
Sawa dada hapo kwenye picha kutolewa hadharani nimekuelewa. Ila ukitoa picha si ndio mashabiki watawatukana majaji kila siku mtandaoni?

Mwenye uzi:
Wanatukanwa sasa hivi bila picha, kaka. Kesho nikifunga duka nitaweka hapa hizo picha mbili bila sura wala bendera, miguu tu na barafu. Wewe na mdogo wangu wa Sakina mniambie ipi imepungua zaidi ya robo, halafu ndio nitawaambia ni ipi iliyokatwa.