Mrejesho: cheti cha GLOBALG.A.P. na maembe ya Ulaya

Wakuu, lile swali langu, kama cheti cha GLOBALG.A.P. (kiwango binafsi cha kimataifa cha kilimo bora na salama) peke yake kinatosha kupeleka maembe Umoja wa Ulaya, nimeshapata jibu: hakitoshi. Hicho ni takwa la wanunuzi, hasa supamaketi, wala si sheria, na kinadumu mwaka mmoja tu. Sheria inadai cheti cha afya ya mimea kutoka mamlaka ya serikali, na kwa maembe wanakazia nzi wa matunda. Aliyesema nanasi na ndizi zimesamehewa hicho cheti yuko sahihi.

Kazi yenyewe iko kwenye daftari. Mkaguzi wa GLOBALG.A.P. aliyapita matunda harakaharaka, akaganda kwenye kumbukumbu za dawa: jina, kipimo, tarehe ya kupulizia, tarehe ya kuvuna, nani alishika bomba. Siku kati ya kupulizia na kuvuna akazihesabu mwenyewe kwa kidole. Dawa isiyowekewa kiwango chake cha mabaki Ulaya hupimwa kwa kikomo cha 0.01 mg kwa kilo ya matunda, karibu na sifuri, kwa hiyo maabara kwanza, shehena baadaye.

Mliotushauri cheti cha kikundi, yaani wakulima kadhaa chini ya cheti kimoja, asanteni, tumekifuata. Sasa tunabishana nani awe mkaguzi wa ndani. Kila mtu anamtaka shemeji yake.